Macho Yote Yaende Hospitali

Nilikuwa fundi cherehani Tunduma enzi za Mwingereza. Mji wenyewe wakati huo ulikuwa maduka machache, kituo cha forodha, na malori yakielekea Rodezia yakiacha vumbi juu ya kila kitu ulichoanika. Kushona nilijifunza shule ya misheni. Cherehani nililetewa na mume wangu kutoka migodi ya shaba, safari yake ya mwisho kurudi nyumbani kabla mgodi haujamwangukia. Kwa cherehani hiyo nililea watoto, na watu wa kanisani walivaa nilichoshona.

Kisha uzi ukaanza kunishinda. Nilikuwa nikilenga tundu la sindano na uzi unapita pembeni. Nikaisogeza sindano mbali, nikainua mkono kuelekea mlangoni kwenye mwanga, bado. Nikamwita binti yangu anitungie, naye alikuja mara ya kwanza akicheka, mara ya kumi akinuna. Nikaanza kuogopa. Shangazi wa mume wangu alikuwa amepofuka na kuongozwa kwa fimbo mpaka kufa kwake, nikadhani na mimi ndiyo hivyo.

Zahanati ya pale mtaani waliniambia mambo ya macho hawana, niende hospitali. Hospitali ilikuwa juu kule milimani, mbele ya Mlowo, na ukikosa lori la mahindi unatembea na kulala njiani kwa watu. Nilikwenda. Nikakuta uani watu wamekaa ukutani kama magunia: wenye vidonda, wenye vifua, wajawazito, na sisi wa macho tukiwa ndio wengi kuliko wote. Kulikuwa na mama wa Msangano aliyembeba mtoto mwenye macho yaliyogandana usaha, nzi wamejaa. Mzee mmoja alikuwa na ukungu mweupe kwenye mboni zote mbili, akishikwa mkono na mjukuu. Mwalimu wa shule ya vijijini alikuja kwa sababu haoni tena maandishi ya kitabu chake, akaniambia kwa aibu kwamba siku hizi anawafundisha watoto kwa kukumbuka tu.

Daktari alikuwa mmoja, Mzungu, na kila akitoka mlangoni mtu analetwa kwenye machela, naye anarudi ndani. Tulilala palepale uani zaidi ya mara moja. Chakula nilichobeba kikaisha, nikala cha mama wa Msangano. Zamu yangu ilipofika, daktari alinifungua jicho kwa kidole gumba, akamulika, akafungua la pili, akamwambia msaidizi wake maneno kwa Kiingereza. Msaidizi akanigeukia.

"Huna ugonjwa, mama. Ni umri."

"Na sindano nitaitungaje?"

"Unahitaji miwani. Hapa hatuna miwani."

Basi. Nilirudi Tunduma kwa miguu na lori, na njia nzima nilikuwa nimekasirika hata nikashindwa kujibu salamu za watu. Sikumkasirikia daktari kwa kuniambia ukweli. Nilikasirika kwamba neno dogo kama lile lilihitaji safari yote ile, na kwamba nilipokuwa nimekaa kulisubiri nilikuwa nimemzibia nafasi yule mzee mwenye ukungu, ambaye kweli alihitaji kisu. Nilimwacha bado amekaa ukutani.

Kiangazi hicho ndipo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, Rodezia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya mgodi, chumba cha macho, kule ambako wachimbaji wanaletwa na vipande vya mawe machoni. Alianza kwa kufagia, baadaye akapewa kazi ya kupima watu. Alirudi na sanduku la bati lililojaa vioo vya miwani vilivyofungwa kwa pamba na karatasi, fremu za chuma, na ubao wa kupimia. Alirudi pia na tai mbili na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Alitaka aitwe dokta. Mimi nilimwita shemeji.

Aliponiona nimeinyanyua sindano kuelekea mlangoni, alicheka.

"Kaa hapa, shemeji. Usisogee."

Akapachika ubao ule kwenye mti wa uani. Ulikuwa na alama kama uma wa meno matatu, nyingine zikitazama juu, nyingine chini, nyingine pembeni, kubwa halafu ndogo. Hukuhitaji kujua kusoma. Ulimwonyesha tu kwa mkono meno yanaelekea wapi. Kisha akanipa kipande cha gazeti cha kushika karibu, akaanza kunibadilishia vioo kimoja baada ya kingine, mpaka herufi zilipotulia mahali pake.

Siku ile ile nilitunga uzi mwenyewe. Halafu nikachukua nguo nilizokuwa nimezimaliza, zinangoja wenyewe, nikazitazama. Mishono ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe. Gauni la ubatizo la mtoto wa jirani lilikuwa na pindo lisilofika mwisho. Watu walikuwa wakizipokea nguo hizo na kunishukuru, hakuna aliyesema neno. Niliwakasirikia wote kwa heshima yao ile. Nikafumua kila kitu.

Baraza ya nyumba yangu ndiyo ikawa mahali pake pa kazi, kwa kuwa ilitazama barabara. Habari ikasambaa. Walikuja mafundi, makarani wa forodha, walimu, wazee wa kanisa walioshindwa kusoma zaburi. Walikuja hata watu wa ng'ambo, wakisalimia kwa "mukwai", neno lao la heshima, na kuvua kofia. Yule mwalimu niliyemkuta hospitali alikuja kutoka kijijini kwake, akavaa miwani, akavuka njia, akasoma kwa sauti tangazo la ushuru lililobandikwa dukani upande wa pili, kisha akalisoma tena.

Si kila mtu alikuwa wa miwani. Wenye macho ya kuwasha na nzi, hasa watoto wa kule bondeni, aliwafundisha mama zao kunawisha uso kwa maji safi, kila mtoto na kitambaa chake. Wengine aliwatazama, akaniambia: "Huyu aende juu." Hapo ndipo mimi nilipoingia. Mtu akifika hospitali hajui kueleza kwa nini katumwa, na wengine Kiswahili chenyewe kinawapiga chenga, wanajua Kinamwanga tu. Nikawa nakata vipande vya kitambaa kutoka mabaki yangu ya kushonea. Mtu asiyeweza kusubiri nilimfunga chekundu mkononi. Anayeweza kusubiri, kama wale wa ukungu mweupe, nilimfunga cheupe. Walinzi wa hospitali walikuja kuelewa bila kuambiwa sana. Watu waliorudi walisema mwenye chekundu anaingizwa mbele, na kwamba uani sasa kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Yule mzee wa ukungu alipasuliwa. Nilimwona baadaye sokoni Mlowo, anakwenda peke yake, anabishana na muuza ndizi.

Sisemi shemeji alikuwa mtakatifu. Aliwahi kumpa miwani mwinjilisti mmoja ambaye macho yake yalikuwa yanafia ndani, akambadilishia tena na tena kwa sababu hakutaka kukubali kwamba haelewi. Mwinjilisti yule alichelewa kwenda hospitali. Nililiona, nikamwambia, akanuna wiki nzima. Lakini kwa kila mmoja aliyemkosea, nyumba nyingi zilikuwa zimerudishiwa mtu wao.

Kisha akatokea mchuuzi upande wa Mlowo, mgeni, anauza dawa ya bluu ya matone, anasema inatibu kila jicho. Mwanamke mmoja aliitia, jicho likaungua. Bwana shauri wa wilaya akatoa amri, na amri haikumtafuta mchuuzi, ambaye alikwisha toroka. Ilitufikia sisi.

Bwana afya alikuja asubuhi na matarishi wawili. Alikuwa kijana mweusi mwenzetu, kaptura imepigwa pasi. Watu walikuwa wamejaa barazani.

"Nani dokta hapa?" akauliza.

Na shemeji, kwa ujinga wa majivuno yake, akasimama, akanyoosha tai.

"Una cheti cha udaktari?"

"Nimefanya kazi hospitali ya mgodi."

"Sikuuliza hilo. Kuanzia leo hakuna kupima macho mtaani. Macho yote yaende hospitali. Ukikutwa tena, ni kifungo."

Nilitoka ndani na mkasi wangu mkononi. Nikamwambia, "Baba, huyu hauzi dawa. Hajawahi kumtia mtu tone. Anapima na kutuma watu kwenu hukohuko hospitali. Waulize."

"Mama, mimi nimetumwa."

"Aliyekutuma amewahi kukaa uani pale?"

Alilinyooshea sanduku kidole. Matarishi walibeba sanduku. Mmoja alilishika kwa upande mmoja, likabamizwa kwenye ngazi, na nilisikia vioo vikipasuka ndani. Sauti ile sijaisamehe hadi leo. Kati ya watu wote waliojaa pale hakuna aliyefungua mdomo. Waliinuka, wakajipangusa, wakaondoka.

Masika yalipoingia mama yangu mzazi alikuja kunitembelea kutoka Itumba. Alikuwa mwanamke mgumu, mkulima, hajui kulalamika. Hakumaliza wiki kichwa kikamshika upande mmoja, akaanza kutapika. Jicho la kulia likawa jekundu. Jioni nilipowasha taa aliniambia anaiona imezungukwa na rangi kama upinde wa mvua. Nilimpeleka zahanati, wakaona kichwa na matapishi, wakasema malaria, wakampa kwinini. Hawakuwa na sababu ya kufikiri zaidi. Jicho jekundu Tunduma, kwenye vumbi lile, ni la kawaida.

Nikaenda kwa shemeji. Alikuwa amehamia chumba cha nyuma kwa rafiki yake, hafanyi chochote, lakini tai amevaa.

"Njoo umtazame mama."

"Siwezi, shemeji. Nimepewa onyo mbele ya watu."

"Sikwambii umpime. Njoo umjulie hali kama mkwe wenu."

"Matarishi wanapita kila siku. Nikionekana naingia kwako watajua."

"Jicho ni jekundu. Anatapika."

Akainamisha kichwa. Alipoinua uso akasema, "Mpeleke hospitali. Ndiyo amri."

"Leo? Au nisubiri kwinini ifanye kazi?"

"Mimi sijui chochote, shemeji. Nimeshasema."

Kama angesema neno moja tu, "leo", ningemfunga mama mgongoni na kuondoka saa ileile. Niliambiwa malaria, nikasubiri malaria ipungue. Mvua ilikuwa inanyesha, malori yamekwama kwenye matope. Tulipopata lori na kufika kule juu, uani palikuwa pamefurika kuliko nilivyopaona mara ya kwanza. Tangu baraza yangu ifungwe, kila jicho la nchi ile lilikuwa limekuja kukaa pale: la miwani, la vumbi, la kuchoka, la kufa. Nilimfunga mama kitambaa chekundu. Mlinzi alikitazama akasema, "Vitambaa hivi sasa havina kazi. Kila mtu zamu yake."

Daktari alipomwona mama, alibonyeza jicho taratibu kwa vidole viwili juu ya kope, na uso wake ukabadilika. Jicho lilikuwa limejaa maji ndani na kuwa gumu kama jiwe. Msaidizi alinitafsiria: angekuja mapema wangelipasua kidogo likapumua. Sasa limekwisha. Lile la pili wangejaribu kulilinda. Wakampasua hilo la pili siku hiyo, wakampa na dawa ya matone ya kutia kila siku.

Mama aliuliza swali moja tu. "Hili moja litanitosha kupalilia?" Wakamwambia ndiyo. Akasema basi.

Mimi sikusema basi. Niliporudi Tunduma nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Akanisikiliza amesimama, kisha akakaa chini kwenye sakafu, na akaniambia jambo ambalo angeweza kulimeza. Alisema nilipomwambia jekundu na kutapika, alijua. Aliwahi kuona la namna hiyo mgodini. Aliogopa jela. Nilimtazama, mdogo wa mume wangu, damu ya wanangu, na nilitamani kumpiga. Niligeuka nikaondoka, na ikapita miezi kabla sijamwita shemeji tena.

Lakini kwa bwana shauri nilikuwa na hasira ya namna nyingine, hasira ya kufanyia kazi. Jumapili baada ya ibada nilisimama uani pa kanisa nikawaambia akina mama: serikali imesema macho yote yaende hospitali. Sisi tu watu wa kutii. Basi tuyapeleke yote. Si mmojammoja. Yote, siku moja.

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa, hakucheka. Alisema, "Mume wangu hasomi tena zaburi tangu miwani yake ivunjike. Tutakwenda." Yeye ndiye aliyeifanya iwe safari. Alipeleka habari kwa ndugu zake Msangano, na wale wakawapelekea wenzao. Tukaondoka mvua ilipokatika, wengine kwa lori, wengi kwa miguu, tukibeba vyungu na unga wetu ili mtu asiseme tumekuja kuomba chakula. Tuliimba njiani. Pale Mlowo watu wa sokoni walituuliza ni msiba wa nani.

Tulipoingia uani hapakubaki mahali pa kuweka mguu. Tulikaa mpaka nje ya lango, mpaka kwenye migomba. Daktari alitoka, mikono bado imelowa, amekasirika. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Nani ameleta watu hawa?"

"Serikali," nikajibu. "Imesema macho yote yaje kwako. Ndiyo haya."

Alinitambua. "Wewe ni mtoto wa yule bibi."

"Ndiye mimi. Na hawa, zaidi ya nusu, hawana ugonjwa. Wanahitaji miwani ambayo wewe huna. Wengine wanahitaji maji na kitambaa. Walioko kati yao wanaokufa macho siwajui, na wewe utawajua ukiwafikia. Zamani walikuja na vitambaa mkononi."

Alitazama mikono ya waliokuwa karibu. Kisha akasema kwamba vitambaa vile alidhani vinatoka zahanati. Alisema ni yeye aliyelalamika bomani juu ya mchuuzi wa dawa ya bluu, maana yule mwanamke aliyeungua aliletwa kwake. Hakuomba mtu mwingine afungiwe. Hakujua.

"Viliacha kuja," nikamwambia. "Uliona uani panajaa. Uliuliza kwa nini?"

Watu waliokuwa karibu walishusha macho. Haikuwa kawaida kumwambia Mzungu hivyo. Msaidizi alinivuta kanga. Daktari alijipangusa mikono kwenye koti lake, polepole, akasema, "Sikuuliza." Akarudi ndani kuwapokea, na aliwapokea mpaka giza.

Sijui alichoandika au kusema bomani. Najua kwamba kabla ya mavuno shemeji aliitwa kule juu, akakaa na daktari muda mrefu. Alijifunza mambo ambayo mgodini hawakumfundisha, likiwamo lile la kubonyeza jicho kwa vidole kusikia kama limekuwa gumu. Alirudi na ruhusa ya serikali, akapewa meza katika zahanati, na sanduku lake likarudishwa na nusu ya vioo vimepasuka. Tai hakuvaa tena. Hakutaka tena aitwe dokta, na watu ndipo walipoanza kumwita hivyo wenyewe.

Mama alikuwa wa kwanza kwenda kukaa kwenye kiti chake. Nilimkataza. Aliniambia, "Wewe endelea na hasira zako, mimi nataka kuona ninachokipalilia." Shemeji alimpima jicho lile lililobaki, na nilimwona kutoka mlangoni mikono ikimtetemeka. Mama akamshika kifundo cha mkono mpaka kikatulia.

Kila baada ya muda nilimpeleka mama juu kwa daktari kutazamwa jicho. Safari ya kwanza baada ya shemeji kuanza kazi, tulifika asubuhi, tukakuta uani watu wachache, kila mmoja na sababu yake ya kuwa pale. Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti. Sikuwahi kumwona ameketi. Alimtazama mama bila haraka, akamuuliza habari za shamba, akamwongezea dawa, na jua halijafika utosini tulikuwa tumeshatoka langoni.

Mama alifurahi. Alikuwa akiniambia tuwahi Mlowo tununue chumvi. Mimi nilikaa kwenye jiwe kando ya njia nikalia, na haikuwa furaha. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Meza moja, mtu mmoja, ruhusa moja. Jicho la mama lilikuwa limekwenda kwa kukosa kitu kidogo hivyo. Alisimama akanisubiri, kisha akanyoosha mkono kunishika bega, akakosea kidogo kwa upande ule wa kulia, akagusa hewa tupu. Nikausogeza mkono wake mahali pake, nikainuka, tukaenda.